Jiwe la Kilo Mbili

Niliinunua mnadani, Tangamano,
kati ya pasi ya mkaa na rundo la viatu vya kushoto vitupu.
Mnadi hakujua anauza nini.
"Bomba la kuangalia," alisema, "na miguu yake mitatu."
Nikalipa fedha ya mfuko wa sukari,
nikapita nayo Barabara ya Kumi na Nane
nimeifunika khanga
kama mtu aliyeiba jogoo.

Usiku wa kwanza: giza.
Usiku wa pili: giza lenye unyevu.
Usiku wa tatu Mwantumu wa jirani, darasa la nne,
aliyetumwa kiberiti, akaniuliza,
"Mbona hujakivua kifuniko?"
Sijamwambia mtu. Kiberiti nilimpa bure.

Basi, mwezi.
Niliukuta ukitikisika kama uji kwenye kijiko cha mgonjwa;
nikigusa bomba, unaruka.
Nikaingia dukani, nikatoa jiwe la mizani, la kilo mbili,
nikalining'iniza katikati ya miguu kwa kamba ya mkonge.
Ukatulia.
Yakhe! Mashimo juu ya mashimo,
kingo zake zimeshika mwanga upande mmoja
kama sufuria zilizoinamishwa juani.
Asubuhi nikasahau kulirudisha jiwe.
Hadi saa nne nilipima unga kwa kukisia
na hakuna aliyelalamika,
ndipo nikajua nimejipunja mwenyewe.

Habari zikaenea. Bi Mwanahawa akataka kujua
kama chombo hiki kitamaliza ugomvi wa mwezi wa Idi,
mtaa mzima ufungue siku moja.
Mama, nikamwambia, mimi hata mwezi mpevu naupapasa,
huo mwembamba niachie mashehe.

Mshtarii alinichukua wiki.
Kwanza mchana, kuilinganisha ile darubini ndogo ya mgongoni
na mnara wa simu, upande wa Chumbageni,
mpaka zote mbili zikubaliane mnara uko wapi.
Kisha lenzi. Nilikuwa nikitia ile kali,
nikidhani kikali ndicho bora, kama pilipili.
Anza na pole. Kali ina siku yake.

Na hapo: kisahani cha rangi ya chai ya maziwa,
mistari miwili kiunoni,
na nukta nne zimepanga foleni kandoni.
Nikapiga kelele. Mke wangu akadhani nge.
Kabla hajafika, Mshtarii ameteleza nje ya tundu.
Namtafuta, nampata, anateleza.
Wala si yeye anayekwenda.
Ni mimi, na mke wangu, na duka na madeni yake,
na Tanga nzima na baiskeli zake zilizolala,
tunazungushwa,
na hakuna hata mmoja aliyeshika ukuta.

Karatasi sikuwa nayo. Daftari la madeni lilikuwa karibu.
Nikachora humo duara, nukta nne,
chini ya *Semhando: mafuta nusu, sabuni kipande, unga kilo tatu.*
Kesho yake nukta zilikuwa tatu.
Nikafuta lenzi kwa shati (usifute kwa shati).
Tatu.
Mmoja kajificha nyuma ya mkubwa
kama mdaiwa anayepita nyuma ya lori akiliona duka.
Nikacheka peke yangu uani.

Juzi umeme ulikatika, nyota zikajaa mpaka juu ya mabati.
Semhando akaja kukopa mshumaa.
Hakuwa amepita kwangu tangu Mfungo Sita.
Kabla hajafungua mdomo nikamwonyesha tundu.
Akainama, mikono nyuma, asiguse.
Akakaa. Akakaa tena.
"Wanne," akasema.
"Umehesabu vizuri?"
"Wanne. Yule wa mwisho amejitenga na wenzake."

Nikawasha tochi, niliyoifunga kitambaa chekundu,
nikampa aishike, nikafungua daftari, nikachora.
Jina lake lilikuwa palepale, juu ya nukta.
Alilisoma. Nilimwona akilisoma.
Hakusema kitu, wala mimi.
Aliuliza tu,
yule aliyepotea siku ile
alirudi saa ngapi.